Protini za Kimelea cha Malaria na Jamaa Zake

Protini ni nadra kufanya kazi peke yake. Hushikana na nyingine, na mashikamano ya kiumbe mzima yakichorwa hupatikana mtandao unaoweza kulinganishwa na wa kiumbe mwingine.

Mwaka 2005 ulichapishwa mtandao wa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali. Vipande vya jeni zake viliingizwa viwili viwili kwenye seli za hamira. Protini zake zikishikana, hamira huota mahali ambapo isingeota. Yalipatikana mashikamano 2,846 kati ya protini 1,312. Kisha programu ya kompyuta ikatafuta protini zenye nasaba moja katika viumbe tofauti, na kukagua kama zinashikana na jamaa zilezile. Hamira, inzi wa matunda na mnyoo wa udongoni walionekana kuwa na makundi mengi ya protini yanayofanana. Kimelea kilifanana na hamira katika makundi matatu tu, na kwa inzi na mnyoo hakuna hata moja. Jaribio la namna hii hukosa mashikamano mengi na hubuni mengine yasiyokuwepo, kwa hiyo hesabu hiyo isichukuliwe kuwa ya mwisho.

Kimelea hicho kipo pia Tanzania, ambako malaria ya tambarare ya Korogwe hupungua kadiri mtu anavyopanda milima ya Usambara kuelekea vilima kama vya Lutindi. Vipimo vya mbu katika milima hiyo vilionyesha maambukizi yakishuka zaidi ya mara 1,000 kutoka bondeni hadi uwanda wa juu. Baridi huchelewesha kimelea kukomaa ndani ya mbu, lakini protini zake ni zilezile, na dawa hulenga palepale.

Mfano ni dawa ya malaria iitwayo SP. Kiungo chake kimojawapo, pirimethamini, huzuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza DNA. Kwa binadamu kimeng'enya hicho husimama peke yake. Kwa kimelea kimeungana na mwenzake wa hatua ya jirani, vyote viwili vikiwa protini moja ndefu. Muungano wenyewe haukuzuia usugu: badiliko la herufi moja ya jeni, kwenye nafasi ya 108 ya protini, hulegeza mshiko wa dawa, na mengine ya nafasi za 51 na 59 huongeza makali ya usugu huo. Tanzania iliifanya SP dawa ya kwanza mwaka 2001, ikapitisha dawa mseto ya ALu mwaka 2006. Wajawazito bado hupewa SP kliniki, kama kinga.