Seva ya nyumbani isiyofikika kutoka nchi jirani: chanzo na ufumbuzi wake

Kompyuta ndogo inayowashwa usiku na mchana nyumbani, ikitunza hesabu za duka, hati za ardhi na picha za familia, si jambo la makampuni makubwa pekee tena. Hata hivyo, wengi wanaotumia seva za namna hiyo hukutana na tatizo moja: nyumbani mafaili hufunguka bila shida, lakini mwenyewe akishavuka mpaka hayapatikani. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, namna ya kutafuta chanzo chake, na kosa moja ambalo msafiri hapaswi kulifanya kwa sababu ya haraka.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Bujumbura aliyekwenda Kigoma kununua bidhaa. Anataka kufungua daftari lake la hesabu lililobaki kwenye seva nyumbani, lakini kompyuta yake inamjibu kwamba seva haionekani. Jibu hilo halimwambii hitilafu iko wapi.

Uchunguzi uanzie ndani ya nyumba

Kanuni ya kwanza ni kuanzia karibu na seva, kisha kutoka nje hatua kwa hatua. Aliye nyumbani aombwe kufungua folda hiyo. Akishindwa, tatizo haliko mpakani wala kwenye intaneti.

Seva itafutwe kwanza kwa anwani yake ya namba, kwa mfano 192.168.1.20, badala ya jina. Namba ikikubali na jina likakataa, kasoro iko katika utambuzi wa majina tu. Namba nayo ikikataa, yawezekana seva imezimika, au ruta imeipa anwani nyingine baada ya umeme kukatika na kurejea. Dawa yake ni kuiamuru ruta iitengee seva anwani moja ya kudumu, na kuiwekea seva mpangilio wa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi.

Seva ikionekana lakini ikamnyima mtu ruhusa, kuna kufuli mbili za kukaguliwa. Ya kwanza ni ruhusa ya folda iliyoshirikishwa, na ya pili ni umiliki wa mafaili yenyewe kwenye diski. Moja ikifunguliwa na nyingine ikabaki imefungwa, mlango haufunguki. Vilevile, kompyuta ya Windows iliyoambiwa kwamba mtandao wa nyumbani ni mtandao wa umma huzuia kugawana mafaili kwa ajili ya usalama.

Vifaa vya zamani vina tatizo lao. Windows hugawana mafaili kwa itifaki iitwayo SMB, na kompyuta za Linux huitumia kupitia programu ya Samba. Toleo la kwanza la itifaki hiyo ni dhaifu kiusalama, na tangu mwaka 2017 Windows mpya haziliweki tena kwa kawaida. Kifaa kinachojua toleo hilo pekee kisasishwe au kibadilishwe. Si vyema kulirudisha toleo hilo kwa ajili yake.

Kwa nini nje hapafikiki

Ikiwa nyumbani kila kitu kinafanya kazi, basi ni zamu ya kuchunguza njia ya kutoka nje. Mfumo wa anwani za intaneti ujulikanao kama IPv4 una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mwezi Februari 2011 mafungu ya mwisho yaligawiwa mashirika matano ya kikanda. Shirika linalohudumia Afrika, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, liliingia katika awamu ya mwisho ya mgawo mwezi Januari 2020.

Kutokana na uhaba huo, kampuni nyingi za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mteja wa namna hiyo anaweza kutoka kwenda kokote, lakini anayetoka nje hana njia ya kumfikia.

Kuijua hali hiyo si vigumu. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, usome anwani iliyopewa na kampuni, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kuna ukuta wa kampuni katikati. Hapo, kufungua mlango kwenye ruta yako hakutasaidia kitu. Jaribio hili lifanywe kabla ya safari, kwa simu inayotumia data yake badala ya Wi-Fi ya nyumbani, kwa kuwa ruta nyingine hutoa majibu ya kupotosha zinapojaribiwa kutoka ndani.

Mlango usiofaa kufunguliwa

Aliyekuta kwamba hana ukuta wa kampuni huweza kushawishika kufungua kwenye ruta poti namba 445, ambayo SMB huitumia, ili mafaili yafikiwe moja kwa moja. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko hitilafu yenyewe. Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipitia udhaifu wa itifaki hiyo, ikafunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha huduma. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia iliyo salama

Njia bora ni kuunganisha vifaa kwa VPN, yaani njia ya faragha ambayo ndani yake mawasiliano yote husimbwa. Mwenye anwani yake ya umma anaweza kutumia WireGuard, programu huria iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020. Aliye nyuma ya ukuta wa kampuni anaweza kutumia huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambazo vifaa vya pande zote mbili huanzisha mawasiliano kwa kutoka nje, hivyo ukuta hauwi kizuizi.

Njia hiyo nayo ina mtego wake. Ikiwa nyumba ya kulala wageni inatumia anwani za 192.168.1 sawa na za nyumbani kwako, kompyuta itaitafuta seva humo humo hotelini. Ni vyema nyumbani kutumia mfululizo usio wa kawaida, kwa mfano 192.168.73.

Pamoja na hayo, seva moja si hifadhi ya kutosha. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, ikae mbali na nyumba hiyo, na ijaribiwe mara kwa mara kama kweli inafunguka. Wizi, moto au hitilafu ya umeme vikiiharibu seva, nakala hiyo ndiyo itakayobaki.