Aliyeumia uti wa mgongo asiwe mgeni nyumbani kwake

PLYMOUTH, Minnesota – Kila mwaka hapa Marekani watu wapatao 18,000 huumia uti wa mgongo, wengi wao kwa ajali za magari na kwa kuanguka. Habari kama hiyo ikifika katika jamii yetu ya Waafrika Mashariki, sote hukimbilia hospitali. Tunachanga fedha, tunaomba dua na kupeana zamu za kukaa na mgonjwa. Lakini swali moja huchelewa kuulizwa: siku atakayoruhusiwa, ataingiaje nyumbani?

Swali hilo lina haraka kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 mgonjwa wa aina hii hapa Marekani alikaa kwenye hospitali ya mazoezi siku 98 kwa wastani. Siku hizi hukaa kama mwezi mmoja tu. Katika mwezi huo anatakiwa ajifunze kuvaa, kuoga, kwenda haja na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo nyumba na jamaa wanaomsubiri lazima waanze kujiandaa angali hospitalini.

Plymouth na majirani zake

Sisi tunaoishi upande huu wa magharibi wa Minneapolis tuna bahati ya kuwa karibu na huduma za siku nyingi. Taasisi ya Sister Kenny ilifunguliwa Minneapolis mwaka 1942, ikiitwa kwa jina la muuguzi kutoka Australia, Elizabeth Kenny, aliyewatibu waliopooza kwa polio kwa maji ya moto na mazoezi badala ya kuwafunga kwa mbao na plasta. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliungana na Courage Center ya Golden Valley, mji unaopakana na Plymouth, zikawa Courage Kenny Rehabilitation Institute. Kwa miaka mingi hapo Golden Valley palikuwa na makazi ambapo mtu aliyetoka hospitali aliishi kwa wiki au miezi akijifunza kupika, kufua, kupanda basi na kupanga siku yake mwenyewe kabla ya kurudi kwake.

Fikra iliyo nyuma ya makazi hayo ndiyo tunayotaka wasomaji wetu waishike: kujitegemea ni kitu cha kufundishwa, kama vile kuendesha gari.

Nyumba ipimwe mapema

Jamaa mmoja achukue futi ya kupimia aende nyumbani wakati mgonjwa bado yuko hospitalini. Mlango unatakiwa uwe na uwazi wa sentimita 81 hivi ili kiti kipite. Mahali pa kugeuzia kiti panahitaji kama mita moja na nusu. Kwa ngazi za mlangoni, kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mteremko. Maana yake ngazi zenye kimo cha nusu mita zinadai mteremko wa mita 6. Mbao mbili zilizoegeshwa mlangoni hazitoshi, hasa theluji inapoganda. Vipimo hivyo na picha za chooni na chumbani apelekewe mtaalamu wa tiba kazi, naye atajua afundishe nini.

Wengi wetu tunapanga. Ni vizuri kujua kwamba sheria ya nyumba ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1988, inamkataza mwenye nyumba kumzuia mpangaji mlemavu kufanya marekebisho ya lazima, kama vyuma vya kushikia bafuni, ingawa mara nyingi gharama ni ya mpangaji. Na majengo yenye nyumba nne au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya Machi 13, 1991 yalitakiwa yajengwe yakiwa na milango mipana. Wenye kuhama watafute majengo ya baada ya mwaka huo.

Mwili nao una masharti yake

Kinachoua baada ya ajali mara nyingi si uti wa mgongo wenyewe. Miongoni mwa hatari kubwa ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mtu asiyehisi makalio yake hajui kwamba damu imezuiwa na ngozi inakufa. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyekuwa na fedha na madaktari wa kila aina, alifariki Oktoba 2004 baada ya kidonda cha namna hiyo kupata maambukizi. Dawa yake ni mazoea: kujiinua au kujiegemeza upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kukagua ngozi kwa kioo asubuhi na jioni. Akiona wekundu usioisha, asikalie sehemu hiyo mpaka upone.

Kibofu pia hakingoji. Wanaotumia mpira wa kutolea mkojo kwa kawaida huutumia kila baada ya saa 4 hadi 6. Aliyeumia kuanzia usawa wa kifua kwenda juu akipata ghafla kichwa kinachogonga, jasho na uso mwekundu, huenda shinikizo la damu limepanda kwa hatari. Akalishwe wima, nguo zilegezwe, mkojo utolewe, na asipopata nafuu upesi, gari la wagonjwa liitwe. Kila mtu wa nyumba hiyo ajue hatua hizi, hata watoto.

Hapa Minnesota kuna la ziada. Miguu isiyohisi inaweza kuungua kwa maji ya bafuni au kuganda kwa baridi bila mwenyewe kujua. Maji yapimwe kwa kiwiko, na joto la tangi lisizidi nyuzi 49.

Msaidizi na malipo yake

Wengi wa ndugu zetu katika jimbo hili wanafanya kazi ya kuwatunza wazee na walemavu majumbani kwa watu. Hata hivyo likiwafika wao, huona aibu kuuliza haki zao. Mpango wa CFSS, ulioanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa PCA, unaruhusu hata mume au mke kulipwa kwa kumhudumia mwenzake. Mpango mwingine, CADI, unaweza kusaidia kurekebisha nyumba au gari. Njia ni kuomba kaunti, kwa wakazi wa Plymouth ni Hennepin, ije kufanya tathmini. Haki hizi hutegemea kipato na hadhi ya uhamiaji, kwa hiyo maombi yaanze mapema. Usafiri wa Metro Mobility nao huombwa kwa fomu, na jibu hutakiwa kutoka ndani ya siku 21.

Asipewe heshima ya mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgonjwa wetu tunafanya kinyume: mwaka wa pili bado tunamlisha, tunamvalisha, tunamjibia simu na kuamua mambo yake chumba cha pili. Tunaita upendo. Lakini mkono usiotumika husahau ulichofundishwa hospitalini, na moyo hukata tamaa kabla ya mwili.

Kujitegemea hakumaanishi kufanya kila kitu peke yako. Mtu asiyeweza kuinua kijiko bado anaweza kujitegemea, iwapo ndiye anayeamua alale saa ngapi, nani amwogeshe na fedha zake zitumikeje. Akichukua dakika arobaini kuvaa shati, tumwache avae.

Na kule nyumbani

Tunajua wasomaji wetu wengi wako Afrika Mashariki, ambako huduma ni haba. Mwaka 2012 Mkenya Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepigwa risasi na majambazi mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, ili zichangwe shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarekebisha walioumia uti wa mgongo. Kwa kufanya hivyo aliionyesha nchi nzima kwamba matibabu bila maandalizi ya maisha hayatoshi.

Hata pasipo kituo, mengi yanawezekana. Kioo cha kukagua ngozi ni bei ndogo. Fundi wa mtaani anaweza kupanua mlango na kujenga mteremko wa saruji. Na sisi wa ughaibuni tunaotuma fedha za matibabu tuulize pia kuhusu mto mzuri wa kukalia, mipira ya mkojo na choo. Wakati mwingine hivyo ndivyo vitakavyomweka hai ndugu yetu, na kumrudisha kazini.