Pata Fedha kwa Kupasua Kuni, Lakini Usisahau Shamba

Mkulima mwenzangu, ukiwa na shoka kali, nyundo nzito na kabari mbili za chuma, waweza kupata fedha kwa kuzipasulia shule na hoteli za chai kuni zao. Baada ya kukamua ng'ombe, muda wa saa mbili tu watosha. Watoto wakae mbali.

Mikaratusi ipasue ingali mibichi. Ikikauka huwa migumu sana. Kuni zilizopasuliwa hukauka upesi. Zipange juu ya magogo zisiguse udongo.

Pataneni bei kabla ya kazi, kwa fungu la urefu mita 1, upana mita 1 na kimo mita 1, ugomvi usizuke.

Lakini mvua ya kupandia ikinyesha, tundika shoka. Fedha ya kuni ni kitoweo; shamba ndilo ugali wenyewe.