Kilo 28 za kromu zaishia mtaroni

Mfanyabiashara anayevusha ngozi Holili au Malaba huulizwa uzito, daraja na bei. Ni nadra kuulizwa ni kromu kiasi gani ilibaki ndani ya ngozi, ingawa kiwandani hilo hugusa moja kwa moja gharama anayokuja kulipa yeye.

Viwanda vingi vya ngozi husindika kwa chumvi ya kromu, ile inayoiacha ngozi na rangi ya buluu. Kwa utaratibu uliozoeleka, tani moja ya ngozi iliyokwisha kunyonyolewa manyoya hutiwa takriban kilo 80 za unga huo ndani ya pipa kubwa linalozunguka. Ngozi hunywa asilimia 60 hadi 70 tu. Ikinywa 65, kilo 28 zilizolipiwa zinamwagwa na maji. Na maji hayo yasiposafishwa yakafika Ziwa Victoria, hayaulizwi pasipoti.

Si lazima kuacha kromu. Zipo kemikali saidizi, kwa mfano asidi ya glaioksiliki, zinazoongeza kwenye nyuzi za ngozi sehemu za kromu kujishikiza. Nyingine huunganisha chembe za kromu ziwe kubwa, zisitoke kirahisi. Fundi akipunguza pia maji pipani, akapandisha joto hadi nyuzi 40 na kupunguza tindikali polepole, unywaji unaweza kufika asilimia 90. Kwa tani ileile, kinachopotea ni kilo 8. Tena anaweza kutia unga kidogo tangu mwanzo.

Ila pupa huponza. Mambo yakiharakishwa, kromu hung'ang'ania juu na katikati ya ngozi hubaki mbichi. Mnunuzi asiridhike na kuonyeshwa uso: akate kipande cha shingoni, penye unene, aangalie kama rangi imepenya, kisha akichemshe dakika mbili tatu. Kikisinyaa na kujikunja, hakijaiva.

Anayelenga Ulaya ana mtihani wa ziada. Tangu Mei 2015, bidhaa ya ngozi inayogusa mwili haiuzwi huko ikiwa na miligramu 3 au zaidi za kromu-sita kwa kila kilo ya ngozi kavu. Hiyo siyo kromu-tatu inayotiwa pipani. Huzaliwa baadaye, ngozi ikipata joto, mwanga au mafuta yasiyofaa. Kemikali saidizi peke yake haizuii hilo, hivyo cheti cha maabara kidaiwe kabla lori halijapakiwa.