MAANDISHI YA UKUTANI KATIKA KANISA LA ASHWELL

Katika jimbo la Hertfordshire, nchi ya Uingereza, yapata maili 40 kaskazini ya London, kiko kijiji kiitwacho Ashwell. Kanisa lake, la Mtakatifu Maria, lilijengwa katika karne ya kumi na nne, na mnara wake una kimo cha futi 176, nacho ni kimo kikubwa kwa kanisa la shamba. Lakini si kimo cha mnara tunachotaka kuwaeleza wasomaji wetu. Twataka kueleza jambo lililo chini ya mnara huo, ndani, ukutani, ambalo mtu aweza kulipita mara nyingi asilione.

Mawe ya kanisa hilo ni meupe tena laini, ya jamii ya chokaa, hata ncha ya kisu au ya msumari yatosha kuyachora. Walimu watatusamehe tukisema ya kwamba Waingereza wa zamani waliandika kutani bila haya, hata nyumbani mwa Mungu. Karatasi ilikuwa adimu, na ngozi za kuandikia zilikuwa ghali. Ukuta haukuwa na bei.

Basi katika ukuta wa kaskazini wa mnara yamekwaruzwa maneno ya Kilatini, lugha ya makasisi na makarani wa wakati ule. Aliyeyaandika hakutaja mwaka waziwazi, bali aliufumba kama kitendawili: M moja, C mara tatu, X mara tano. Ajuaye tarakimu za Kirumi atafumbua mara moja, kwani M ni elfu, C ni mia, na X ni kumi. Jumla yake ni 1350. Kisha asema kwamba mwaka huo ulikuwa wa kuhuzunisha, mkali, wenye kutenda kwa nguvu, na kwamba waliosalia kuwa mashahidi ni watu duni kabisa. Maandishi mengine katika kanisa hilo yataja tauni kwa jina lake, tena kwa fumbo: tauni ya kwanza ilikuwa katika elfu moja na mia tatu na hamsini kasoro moja, yaani 1349.

Wasomaji watauliza, Ni tauni gani hiyo? Ndiyo ile iliyoingia Uingereza kwa bandari za kusini mwaka 1348, ikafika London kabla ya mwaka kwisha, ikaenea mashambani mwaka uliofuata. Watu walivimba mitoki, wakashikwa na homa, na wengi walikufa kwa siku chache tu. Wataalamu wakadiria kwamba thuluthi moja ya watu wa nchi ile, pengine hata nusu, walikufa. Watu wa wakati ule hawakujua sababu yake. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine ni ghadhabu ya Mungu. Vijidudu vyake vilikuja kutambuliwa mwaka 1894, huko Hong Kong, na Alexandre Yersin. Hukaa katika panya, na viroboto huwachukua kutoka kwa panya hata kwa mwanadamu. Ugonjwa wenyewe haukutoweka duniani: ulizuka Lushoto, katika Tanzania, mwaka 1980, ukarudi tena na tena kwa miaka mingi. Lakini sasa dawa zipo, na mgonjwa akiwahi kutibiwa aweza kupona. Mtu wa Ashwell alikuwa na msumari tu.

Tena maandishi yale hayakwisha katika mwaka 1350. Yaendelea kusema kwamba mwishowe upepo wenye nguvu, upepo wa Mauro, ulinguruma duniani mwaka 1361. Mauro ni mtakatifu ambaye sikukuu yake ni tarehe 15 Januari, na dhoruba ya siku hiyo yajulikana sana. Ndiyo iliyoangusha kilele cha mnara wa kanisa kuu la Norwich. Lakini vitabu vya historia vyaiweka dhoruba hiyo katika mwaka 1362. Je, mwandishi alikosea? La. Zamani zile Waingereza walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, wala hawakuacha desturi hiyo mpaka 1752. Kwa hiyo Januari ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, nayo ilihesabiwa pamoja na 1361. Hesabu ya mtu wa kijijini ni sahihi, na kwetu sisi tuzoeao kuandika tarehe kila siku, jambo hili latupendeza kupita mengine yote.

Kuyaona maandishi ya namna hii kwahitaji maarifa. Mwanga ukiielekea kuta moja kwa moja, mikwaruzo haionekani. Lakini mtu akishika taa ubavuni, karibu na ukuta, kila mkwaruzo hutoa kivuli chake. Bibi Violet Pritchard alizunguka katika makanisa ya upande wa Cambridge akinakili michoro kwa karatasi, akatoa kitabu chake mwaka 1967, na maandishi ya Ashwell yamo. Tangu 2010 watu wa kujitolea wamekuwa wakikagua makanisa ya Norfolk kwa taa namna hiyo hiyo.

Si yote ya Ashwell yaliyo ya msiba. Mtu mmoja aliandika kwamba pembe za mawe hazikuungana sawasawa, naye azitemea mate. Bila shaka alikuwa fundi aliyechukizwa na kazi ya fundi mwenziwe. Na katika ukuta ule ule wa mnara, mwingine alichora kanisa kubwa lenye mnara mrefu uliochongoka, ambalo wataalamu wasema ni kanisa la kale la Mtakatifu Paulo la London. Ncha ya mnara wake iliteketea kwa radi mwaka 1561, na kanisa lenyewe liliungua katika moto mkubwa wa 1666. Mchoro ungalipo Ashwell.