Kabla Hamjanunua Gunia la Mawe



Mwekahazina wa kikundi kimoja cha kina mama hapa visiwani alisimama mkutanoni akaniuliza swali. Mfanyabiashara kutoka bara alikuwa amewaonyesha jiwe lililopasuliwa katikati: nje baya kama kiazi, ndani linameta kama sukari guru iliyopigwa na jua. Akawaambia gunia zima ni bei nafuu, wao wayasage mawe yawe matufe ya kung'aa, wawauzie watalii. Akiba ya miezi minane ilikuwa sandukuni. "Sasa tununue ama tusinunue?"

Nilimjibu neno moja: "Bado." Leo naeleza kwa nini, maana swali hili laweza kufika kwenu pia.

JIWE HILI NI NINI?

Huitwa jiodi. Ni jiwe la mviringo lenye uwazi ndani. Mara nyingi huanzia kwenye miamba ya volkano. Lava ilipopoa iliacha mapovu ya hewa ndani yake. Kwa muda mrefu sana maji yenye madini yakapenya humo, yakaacha utando juu ya utando. Utando wa nje mara nyingi ni akiki, lile lile jiwe la pete mnalolijua. Katikati huota fuwele za bilauri, nyeupe au za zambarau.

Lamu, Manda na Pate ni visiwa vya mchanga na mwamba wa matumbawe. Hatuna volkano, kwa hivyo jiodi za akiki hatuwezi kuziokota hapa. Nyingi zinazouzwa duniani hutoka Brazil, Uruguay na Moroko. Kila jiwe litakuja kwa lori na mashua, na nauli ni yenu.

Kazi yenyewe lakini si ngeni kwetu. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale katika miaka ya 1980 walipata vigae vyenye mifereji, ambavyo wazee wetu walitumia kusugulia shanga za makombe. Na masonara wa mji wa Lamu hukata vipande vya vyombo vya kale vya kauri wakavitia kwenye pete za fedha. Mkono wa kusaga tunao. Tunachopaswa kujifunza ni kununua.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

1. Uzito. Shika jiwe mkononi. Likiwa jepesi kuliko ukubwa wake, uwazi ni mkubwa na ukuta ni mwembamba. Hilo hupasuliwa likauzwa nusu mbili. Ukilifanya tufe litabomoka. Kwa tufe tafuteni zito, lenye uwazi mdogo.

2. Nyufa. Litieni maji, kisha liacheni likauke. Sehemu nzima hukauka kwanza, lakini ufa hubaki na mstari mweusi. Jiwe lenye mistari mingi liacheni, hata likiwa la bure.

3. Ugumu. Likwaruzeni kwa kisu. Kwenye kipimo cha ugumu alichoweka Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10, akiki hufika karibu 7. Kisu hakiwezi kulikwaruza, ila lenyewe hukwaruza kioo. Kama kisu kimekwaruza na unga wake ukatoa mapovu kwenye siki, hiyo si akiki bali ni jamii ya chokaa. Si bandia, lakini ni laini, na isiuzwe kwa bei ya akiki.

4. Rangi. Buluu kali au waridi kali mara nyingi ni rangi ya kutiwa. Sugueni kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Pamba ikichafuka, mmejua. Isipochafuka pia msiamini moja kwa moja, kwani rangi nyingine huingia ndani sana.

5. Karatasi. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inataka mfanyabiashara wa madini awe na leseni. Muulizeni muuzaji leseni yake, mdai na stakabadhi. Nanyi pia, kabla ya kuanza, ulizeni ofisi ya madini kama kazi yenu inahitaji kibali.

HESABU YA KWELI

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Ili upate tufe, kwanza unakata jiwe liwe mchemraba, kisha unaondoa pembe zote. Tufe linalotoka kwenye mchemraba ni kama asilimia 52 tu ya mchemraba huo. Karibu nusu inakuwa tope!

Tuseme mmenunua kilo 10 kwa shilingi 300 kila kilo. Mmetoa 3,000. Tuseme kilo 3 zimekwenda kwenye ganda na nyufa, zikabaki 7. Ukisaga unapata matufe ya kilo 3.6 hivi. Gawanya: kila kilo ya tufe imeshawagharimu zaidi ya shilingi 800, na bado hamjahesabu nauli, msumeno, umeme, wala jasho lenu. Basi bei nafuu ya gunia si bei ya kazi. Rahisi inaweza kuwa ghali.

KUSAGA KWENYEWE

Jiwe gumu namna hii hukatwa kwa msumeno wa almasi unaomwagiwa maji. Baada ya kutoa pembe, hushikwa kati ya vikombe vya chuma vinavyozunguka, vyenye upana wa kama theluthi mbili za tufe. Mnatia unga wa kusagia, silikoni kabaidi: namba 80, kisha 220, 400 na 1000. Kila mkibadilisha namba, osheni kila kitu. Chembe moja ya unga mkubwa huharibu kazi ya siku nzima. Mwisho hung'arishwa kwa oksidi ya seriamu kwenye kitambaa kigumu.

VUMBI LINAUA

Jamani, hapa msicheze. Vumbi la akiki na bilauri likiingia mapafuni huleta ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Kule Khambhat, India, ambako akiki imesagwa kwa karne nyingi, mafundi wengi wameugua na kufa.

Kwa hivyo: msisage kavu hata siku moja. Leso mdomoni haitoshi. Watoto wasikae karibu. Tope likusanyeni kwenye ndoo litulie, maji ya juu myatumie tena. Msilimwage karibu na kisima wala kuliacha likauke uani, kwani litageuka vumbi tena. Maji ya chumvi nayo yatakula mashine, na maji matamu ya michanga ya Shela si ya kuchezea.

ANZENI PADOGO

Kama mnataka kujifunza umbo la tufe, anzeni na jiwe laini la Tabaka, Kisii. Hukatwa kwa kisu, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kisha hupakwa nta. Halihitaji mashine. Nalo pia lisuguliwe likiwa limelowa.

Wale kina mama hawakununua gunia. Walinunua mawe matatu, wakayatia maji mbele ya muuzaji. Mawili yalikuwa na nyufa. Somo hilo liliwagharimu bei ya mawe matatu, na sanduku likabaki na akiba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Nani hasa atanunua matufe yetu, na tumeshamuuliza?
- Msimu wa watalii ukiharibika, tutakula nini?
- Tutasagia wapi, na maji yatatoka wapi?
- Tukipoteza pesa hizi zote, kikundi kitasimama?

Mkikosa jibu la swali la mwisho, fungeni sanduku kwanza.