Kompyuta ya Mwanamuziki na Sauti Isiyochelewa

Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti yake inaswe katika sahani za santuri. Leo kazi kama ile yaweza kufanywa katika chumba kimoja cha Ng'ambo au Chake Chake, kwa kompyuta, maikrofoni na kadi ya sauti. Hapana shaka hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kabla ya kikundi, skuli au idara ya serikali kununua kompyuta kwa ajili ya muziki, lipo suali lisilofaa kuachwa bila ya jawabu: kompyuta hiyo itaendeshwa na mfumo gani, na nani mwenye amri juu yake?

Tunalileta suali hili kwa sababu maalumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu haziwezi kupokea mfumo uliofuata, kwa kuwa hazitimizi masharti ya kampuni. Njia kubwa zilizobaki ni tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usiotunzwa, au kuweka Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mfumo huu ni huria: yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili, kuuchungua na kuurekebisha. Sisi tunaona njia hii ya tatu yastahiki kufikiriwa mwanzo, ila kwa sharti la kuchagua kwa makini.

Ugumu wa kompyuta katika muziki ni kuchelewa. Mpigaji akigusa kinanda kilichounganishwa na kompyuta, sauti haitoki papo hapo. Mashine hukusanya vipimo vya sauti kwanza, kisha huvipeleka kwa mkupuo. Ni mfano wa mtu anayechota maji kisimani kwa kata na kuyamimina mtungini, huku mwenzake akiyatumia bila ya kusita. Kata ikiwa kubwa, mchotaji hupumua lakini maji hukawia. Ikiwa ndogo, maji hufika upesi, lakini mchotaji akishughulishwa kidogo tu mtungi hukauka, na hapo msikilizaji husikia mkwaruzo au sauti iliyokatika.

Hesabu yake si ngumu. Sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, kata ya vipimo 128 huchukua milisekunde 2.7, ya 256, milisekunde 5.3, na ya 1,024, milisekunde 21. Sauti inayoingia kwa maikrofoni na kutoka kwa spika huchelewa angalau maradufu ya hapo. Wasomaji wasitishwe na tarakimu hizi. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, basi milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita 3 na nusu kutoka kwa mwenzako. Wapigaji wa taarab waliopangwa safu kwa safu jukwaani wameuzoea umbali huo, na dumbak haliachani na fidla. Milisekunde 40, kwa upande mwengine, ni sawa na umbali wa zaidi ya mita 13, na hapo mpigaji huanza kubururwa nyuma ya mdundo.

Kwa hiyo hapana haja ya kukimbilia tarakimu ndogo kuliko zote. Kata ya vipimo 256, au 128 kwa mashine iliyo imara, yatosha kwa kazi iliyo nyingi. Kurikodi saa nzima bila ya mkwaruzo ni bora kuliko wepesi unaovunjika katikati ya wimbo. Aidha, wakati wa kuchanganya sauti zilizokwisha kurikodiwa, kata kubwa haina madhara yoyote.

Wanamuziki wa Linux waliwahi kuhangaika sana, kwa sababu mfumo wa kawaida haukuipa sauti haki ya kutangulia mbele ya kazi nyengine. Marekebisho ya kuipa haki hiyo kwa ukamilifu yalitengenezwa kwa takriban miaka 20 nje ya kiini rasmi cha mfumo, na hatimaye mwaka 2024, katika toleo 6.12, yaliingizwa ndani ya kiini chenyewe. Si kila studio inayoyahitaji. Kwa wengi, kiini cha kawaida kilichopangwa vyema chatosha.

Anayeanza hana haja ya kujenga nyumba matofali kwa matofali. Upo mkusanyiko wa Ubuntu Studio, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, ambao huja na programu za muziki zilizokwisha pangwa. Upo pia AV Linux, na upo Fedora Jam. Kwa taasisi, tunapendelea Ubuntu Studio katika toleo lake la muda mrefu, linalotolewa kila miaka 2 na kutunzwa kwa miaka 3. Humo, PipeWire hubeba sauti na kuziunganisha programu, pamoja na zile zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani wa JACK. Na Ardour hurikodi na kuchanganya. Yaliyobaki ni nidhamu: mtumiaji apewe ruhusa ya kutanguliza sauti, kichakato kisipunguzwe kasi ili kuokoa umeme, mtandao usiotumia waya uzimwe wakati wa kurikodi, na vipokea sauti vya Bluetooth viwekwe mbali, maana huchelewesha sauti kupita kiasi.

Lipo jambo jengine linalotuhusu moja kwa moja. Kinanda cha kiwandani kwa kawaida huigawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa, ilhali maqam za taarab zinataka sauti zilizo baina ya sehemu hizo. Programu huria ya ZynAddSubFX humruhusu mpigaji kupanga mizani yake mwenyewe. Hapa uhuru wa chombo umekuwa uhuru wa lahani.

Hatusemi kwamba njia hii haina miiba. Baadhi ya kadi za sauti hutengenezewa Windows na Macintosh tu, na programu nyingi za biashara hazikuandikwa kwa Linux. Isitoshe, maelezo ya Kiswahili ni haba. Hata hivyo kizuizi cha lugha si ukuta: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Lililowezekana kwa barua na hesabu lawezekana kwa muziki.

Kwa wakuu wanaohusika tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, zabuni ya kadi ya sauti iwe na sharti kwamba itafanya kazi katika Linux, na ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Pili, kila penye chumba cha muziki cha umma pawe na kijana aliyefunzwa kuutunza mfumo, kwani mashine bila ya mtunzaji ni chombo bila ya nahodha. Tatu, kila kinachorikodiwa kutoka kwa wazee wetu kihifadhiwe katika muundo wa wazi kama FLAC, usiohitaji idhini ya kampuni yoyote ili ufunguliwe.

Hili la tatu ndilo kubwa. Nadi Ikhwan Safaa imeanza mwaka 1905, na mafundi wanaozikumbuka nyimbo za kale hawatungojei. Nguo ya kuazima haisitiri. Ingekuwa hasara isiyofidika kuzinasa sauti zao leo, kisha wajukuu wetu washindwe kuzisikia kwa sababu funguo za sanduku ziko mikononi mwa watu wengine.